Mikono Nyuma, Hesabu Ishirini: Tunamuaga Mwalimu Pushpavalli

Mwalimu P. V. Pushpavalli anastaafu Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, kumi na minane kati yake hapa kwetu, Shule ya Sekondari ya Serikali Karimpanathodi. Amefundisha Hisabati na ameilinda maabara ya kompyuta. Kwa muda wote huo hakuna laptopu ya shule iliyothubutu kukataa kuonyesha picha ukutani mbele yake. Mbele yetu sisi wengine zimekataa kila walipokuja wageni.

Kitabu chake cha utumishi, kile ambamo serikali huandika likizo zako, nyongeza zako na makosa yako, kitafungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni. Kitabu ni kisafi isipokuwa ukurasa mmoja wa Februari 2017, wenye karipio. Nitaufikia ukurasa huo, msiwe na wasiwasi. Ndio ulionifanya nimwombe Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Sosamma, aniachie wasifu huu mimi, Noufal wa Baiolojia, ingawa kazi ilikuwa imepangiwa mwalimu wa Lugha ambaye angeiandika vizuri zaidi na kwa koma chache.

Kwanza tusawazishe jambo la umri. Kwa karatasi, Pushpavalli amezaliwa tarehe 23 Mei 1969. Kwa mama yake, amezaliwa mwishoni mwa Agosti, sikukuu ya mavuno ya Onam ikiwa imepamba moto, nyumba nzima inanuka ndizi za kukaanga na wakunga wanaruka maua yaliyotandazwa uani. Baba yake alipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza mwezi Juni aliulizwa kama mtoto ametimiza miaka mitano, naye akajibu bila kupepesa kwamba ametimiza wiki iliyopita. Ndiyo maana watumishi sita kati ya kumi na wanane wa shule hii tumezaliwa Mei, mimi nikiwemo, na mama yangu naye ana maoni tofauti. Kwa hiyo, kwa kuwa serikali hutustaafisha mwishoni mwa mwezi tunaotimiza miaka hamsini na sita, mwenzetu anaondoka miezi mitatu kabla ya siku yake ya kweli, na hakuna ofisi ya kukata rufaa dhidi ya marehemu baba.

Alianza kazi mwaka 1996 huko milimani Wayanad, katika shule ambayo ubao mmoja uligawanywa kwa madarasa mawili kwa mstari wa chaki. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, walimu wanaume wa shule ile waligundua kwa pamoja kwamba macho yao ni mabovu, na kwenye mafunzo akapelekwa yeye. Siku hizo mashine ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta za shule zetu, ilikuwa haikijui kioo chake yenyewe. Ilibidi uiambie kwa kuandika namba katika faili: kioo kina upana gani, kina urefu gani, picha ichorwe mara ngapi kwa sekunde. Ukikosea namba, kioo kinalia kama nyau aliyekanyagwa mkia. Mkufunzi aliwaonya kwamba kinaweza hata kuungua, na nusu ya darasa ikaenda kunywa chai. Pushpavalli alibaki. Aliwaambia waliorudi kwamba kumbe ni hesabu tu, na hesabu haijawahi kumuuma mtu.

Hapo ndipo alipoanzisha daftari la kijani, ambalo sasa ni la tatu kwa ukoo. Kila laptopu ina ukurasa wake na tabia zake zimeandikwa pale kwa mwandiko wa kunyooka. Laptopu ya tatu haiitambui projekta ya ukumbini mpaka projekta iwashwe kwanza. Laptopu ya saba ukiifunga ikiwa imeunganishwa huzira, na dawa yake ni kuizima, kuipa chai ya kusubiri, na kuiwasha upya. Laptopu ya kumi na moja haina kosa lolote, ila isipewe mwalimu wa Fizikia. Mwalimu wa Fizikia ameuona ukurasa huo na hakupinga.

Wapo wageni watakaoshangaa kwa nini tunamsifu mtu kwa kupanga mipangilio ya kioo. Hao hawajawahi kusimama mbele ya vijana arobaini na sita wa darasa la tisa huku ukuta ni mweupe na kidole hakijui pa kubonyeza.

Mwaka 2011 fundi alitufungia projekta darini, akaifunga miguu juu, kama zinavyofungwa zote. Picha ikatoka kichwa chini. Dawa ya jambo hilo imo ndani ya rimoti, na rimoti ilikuwa imepotea siku hiyo hiyo. Pushpavalli aliingia kwenye mipangilio ya laptopu, akaigeuza picha nusu mzunguko, na ukutani mambo yakakaa sawa. Tatizo ni kwamba laptopu yenyewe nayo ikageuka, maana vilikuwa vinaonyesha picha moja. Muhula mzima alifundisha akiangalia kioo kilichopinduka, na alisoma bila kukwama. Tulipomuuliza siri yake alishangaa tunauliza nini. Mwalimu husimama mbele ya dawati, daftari la mtoto limemwelekea mtoto; yeye alikuwa na miaka kumi na tano ya kusoma mambo kichwa chini. Rimoti ilipatikana Desemba katika kabati la kengele la mhudumu wetu Velukkutty, ambaye alikuwa akiitumia kujikunia mgongo.

Pia hatuwezi kuusahau mkutano wa wazazi wa 2014. Kuna namna mbili za kuunganisha laptopu na ukuta. Moja, ukuta unaiga kila kilicho kwenye laptopu. Ya pili, ukuta unakuwa chumba cha jirani: unaweza kupeleka kitu kule na wewe ukabaki na mambo yako huku. Bi. Sosamma aliamini yuko chumba chake. Wazazi wakingoja matokeo ya watoto wao, yeye alikuwa akiandika tangazo la kumtafutia mpwa wake mchumba, na ukuta ukawasomea wote kwamba kijana ni mrefu, mcha Mungu, ana kazi nzuri Kuwait, na nywele zinaanza kumtoka lakini si sana. Pushpavalli alitembea polepole hadi mezani akabonyeza vitufe viwili, na matokeo ya Hisabati yakachukua nafasi. Kabla mkutano haujaisha wazazi watatu walikuwa wameshaleta majina ya mabinti. Mpwa ana watoto wawili sasa, na Bi. Sosamma ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nitaje kuwa ndoa ni njema.

Lakini alichotuachia kikubwa kuliko vyote ni kanuni, na lazima niieleze vizuri kwa sababu bila hiyo yanayofuata hayaeleweki. Ukibadilisha mipangilio ya kioo kwenye Linux, mashine inakuonyesha sura mpya halafu inakuuliza: tubaki hivi, au turudi tulikotoka? Usipojibu kwa sekunde ishirini, inajua kwamba huenda maskini huoni kitu, basi inakurudisha yenyewe kwenye sura ya zamani. Ni mashine yenye huruma. Tatizo ni binadamu. Binadamu akiona giza anaanza kubonyeza kila kitufe kama anayefukuza siafu, na kimojawapo cha vitufe hivyo ndicho kinachosema: ndiyo, tubaki hivi hivi. Kwa hiyo kila anayeingia maabara ya Pushpavalli hufundishwa jambo moja kabla hata ya kuwasha. Giza likiingia, mikono nyuma, hesabu ishirini.

Kanuni ilitoka maabara ikatembea shule nzima. Velukkutty huhesabu ishirini kabla ya kwenda kuamulia wanaopigana, na anadai mara nyingi hukuta wameshapatana. Bi. Sosamma huhesabu kabla ya kujibu barua za ofisi ya wilaya, na midomo yake huonekana. Mimi nilikuwa wa upande wa ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilijiunga Juni 2016, kijana, mwepesi, najua kila kitu, na niliwahi kusema chumba cha walimu kwamba wanaohesabu ni wale wasiojua wanachofanya. Pushpavalli alikuwepo. Alinikaribisha biskuti.

Sasa tumefika Februari 2017. Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo wa kompyuta, darasa la kumi. Laptopu ya kwanza ndiyo ilibeba mtihani wote, na nyingine zilichota maswali kutoka kwake. Saa nne Afisa Elimu wa Wilaya alikuwa anakuja kushuhudia. Saa tatu na dakika arobaini Pushpavalli alikuwa darasani akihakiki majina ya kundi la kwanza, watoto kumi na watano, na maabara haikuwa na mtu. Nikaingia mimi na wazo. Nilikuwa nimetengeneza picha nzuri sana ya kumkaribisha Afisa, jina lake kwa herufi za dhahabu na maua ya yungiyungi pembe zote nne. Nikaifungua laptopu ya kwanza kwa jina langu, nikachomeka waya wa projekta, picha ikatokea. Maua yakaonekana madogo.

Basi nikachagua picha iende ukutani peke yake, kwa ukubwa wa mwisho kabisa uliokuwepo kwenye orodha. Projekta yetu ni mzee, ukubwa huo hakuwahi kuusikia. Ukuta ukawa mweusi na laptopu ikawa nyeusi. Kanuni nilikuwa naijua. Imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Mikono yangu haikwenda nyuma. Ilikwenda kwenye kibodi, yote miwili, na nadhani hata kiwiko. Mashine ikanielewa kwamba nimependa, tubaki hivi. Nikachomoa waya, giza. Nikakandamiza kitufe cha kuzimia mpaka feni yake ikanyamaza. Nilipoiwasha tena ilibaki nyeusi, na mtihani uliokuwa ndani ulikuwa umekatika katikati, ingawa hilo sikulijua bado.

Nilitoka nikanawa mikono. Watu walipoanza kukusanyika mlangoni nilikuja nikasimama nyuma yao, na hili ndilo linalonichoma kuliko yote, niliuliza kwa sauti kubwa nani ameigusa.

Pushpavalli alikuja, akaweka mikono nyuma, akahesabu ishirini mbele ya Afisa Elimu wa Wilaya. Giza halikutoka. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, mashine ikafungua ule uso wake wa ndani usio na picha, maandishi meupe tu kwenye weusi, akachapa kama dakika saba bila kuinua kichwa. Kioo kikarudi. Mtihani ilibidi usimikwe upya, na hilo lilichukua saa mbili na dakika kumi. Watoto walikaa barazani kwenye joto, na binti mmoja alilia akidhani amefeli kabla ya kuanza. Wote walimaliza jioni na wote walifaulu, lakini wakati ule hakuna aliyejua hivyo. Afisa aliuliza nani aliyehusika. Mimi nilikuwa nikikagua feni ya darini.

Pushpavalli akasema, "Maabara ni yangu, Mheshimiwa. Andika jina langu."

Karipio likaja baada ya wiki mbili. Mwaka uliofuata wilaya ilikuwa inachagua mkufunzi wa kuzunguka shule zote kufundisha walimu kupanga laptopu na projekta zao, na kila mtu alijua ni nani anayeifaa kazi ile. Jina lake lilikatwa kwa ajili ya ukurasa ule mmoja. Alituambia heri, yeye anapenda kulala kwake. Mimi niliona alivyolikunja tangazo la kazi ile mara nne, likawa dogo kama stempu, akaliweka ndani ya daftari la kijani.

Nilikuwa na miezi minane kazini, katika kipindi cha majaribio. Karipio lingenirudisha nyumbani. Mke wangu Shahana alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Hizo ni sababu, wala sisemi ni udhuru. Miaka minane nilimbebea mkoba, nilimletea maembe, na kila Idi nilimpelekea biriani chungu kizima. Alizila biriani zote nane na kuzisifu, na kila mwaka nilirudi na chungu kitupu na moyo mzito vilevile. Bi. Sosamma aliponiita Aprili kuniambia kwamba funguo za maabara zitakuja kwangu, usingizi ukanikimbia kabisa. Kitabu kikishafungwa tarehe 31, hakifunguliwi tena kwa jambo la namna hii.

Tarehe 12 Mei nilikwenda kwake. Alikuwa barazani amejipaka mafuta ya nazi mikononi, anapasua fenesi. Mumewe aliniona uso wangu, akachukua gazeti lake akaingia ndani. Nilisema yote, maua, kibodi, kiwiko, kunawa mikono, na nani ameigusa. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, kwa sababu hotuba niliyokuwa nimeiandaa njiani ilipotea getini. Yeye aliendelea kutoa kokwa. Nilipomaliza alifuta kisu.

"Noufal, mdogo wangu," akasema, "nilikuwa nimefika kumi na tisa."

Sikuelewa. Akanieleza kwa upole, kama anayefundisha kiasi na asili za sehemu, kwamba kila mtu anayeingia kwenye mashine huingia kwa jina lake, na mashine huandika saa. Siku ile, katika zile dakika saba, alikutana na faili la mipangilio mibaya iliyotia kioo giza: mwenye faili, Noufal, saa tatu na dakika arobaini na mbili. Pushpavalli hajawahi kufuta faili maishani mwake. Alilibadilisha jina tu ili mashine isilisome, akaliacha pale pale. Aliniambia nikalitazame. Nimelitazama. Linaitwa noufal-bado.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja, au hata kuniambia faraghani. Alisema kazi ile ya wilaya iliuma, asinidanganye, iliuma mwaka mzima. Halafu akasema, "Lakini ukibonyeza kabla ya wakati, giza linabaki. Nilitaka urudi mwenyewe." Akanisogezea chupa ya mafuta ya nazi na kisu cha pili, kwa sababu fenesi lilikuwa kubwa na mimi nilikuwa nimekaa bure.

Kesho yake niliandika barua. Bi. Sosamma aliisoma akafumba macho, na midomo yake ikawa inahesabu. Nadhani ilipita ishirini. Kisha akagonga muhuri. Ofisi ya wilaya, ambayo iliwahi kutumia miezi kumi na nne kutuletea balbu, ilijibu kwa siku kumi na moja. Karipio la Mwalimu Pushpavalli limefutwa na amri ya kulifuta imebandikwa kwenye ukurasa ule ule. Mimi nimepata la kwangu, mistari sita, na sioni neno la kupinga. Funguo nimepewa hata hivyo, kwa miezi sita ya kuangaliwa. Naanza majaribio upya nikiwa na mvi.

Ijumaa iliyopita tulimaliza makabidhiano. Alinipa daftari la kijani, akanionyesha laptopu ya kumi na moja na kunikumbusha kuhusu Fizikia, kisha akaketi mbele ya laptopu ya kwanza na kufungua ule uso mweusi wa maandishi meupe. Akachapa mstari mmoja. Faili lile sasa linaitwa noufal-karudi. Niliangalia feni ya darini tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Mwalimu, sisi wenzako wa Karimpanathodi tunakushukuru kwa picha zote ulizozisimamisha na kwa watu uliowasubiri. Shule inafunguliwa Jumatatu, tarehe 2 Juni. Velukkutty atapiga kengele, nitachomeka waya, na kiti chako kitakuwa kitupu. Tutaweka mikono nyuma na kuhesabu ishirini, na kwa mara ya kwanza tutamaliza kuhesabu bila kitu kurudi kilivyokuwa. Hatutakulaumu. Lala kwako mpaka jua likuchoke, ule mafenesi yako kwa raha, maisha yako yawe mema na marefu, na kila Idi usipike. Chungu kitakuja, na safari hii kitakuwa na biriani tu.